Kiraka

Dirishani waliniuliza kitambulisho.
Mwananchi? Mwananchi.
Nikapewa tiketi ya bei nafuu na ramani ya ngome,
mtu aliyelala chali, wasemavyo, kichwa kikielekea bahari.
Nikaikunja mara nne, nikaitia mkobani.

Mimi ramani yangu nilipewa kwa mdomo
huko Makadara, wodi ya wanaume, kitanda cha pembeni,
na mtu anayepumua kwa mkopo:
"Pita lango. Usifuatane na watu.
Shika kushoto, panda hadi mzinga wa tatu,
ule uliomeguka mdomo,
kisha tazama chini, usawa wa goti."

Kwanza nilifuatana na watu, hata hivyo.
Nikaona mifupa ya nyangumi,
sahani za Uchina zilizoungwa kwa gundi,
na ukuta ambao mabaharia wa Kireno
walichora merikebu kwa makaa na ngeu,
kama watoto waliofungiwa ndani siku ya mvua.
Kila kitu kina kibao. Kila kibao kina mwaka.
Ndani ya kioo, kipande cha chungu cha kupikia,
cheusi, bado kinadhaniwa kunuka moshi,
na kucha za mfinyanzi zimebaki shingoni mwake:
mwezi mwandamo, mwezi mwandamo, mara kumi na moja.
Kibao kinasema: Chombo cha wenyeji.
Basi.

Baba yangu hakuwa na kibao.
Alikuwa na mwiko, timazi ya risasi aliyoirithi,
na deni dukani kwa Msellem.
Fundi Shekue Mbwana, kibarua wa siku,
mwaka ule masika yalipomega pembe ya ukuta
nami niko darasa la tano.
Chokaa ilimla vidole. Jioni Mama alimpaka mafuta ya nazi,
naye akiteta na methali:
"Huyo aliyesema usipoziba ufa utajenga ukuta
hakuwa akilipwa kwa siku!
Nikiziba zote leo, kesho mtakula nini?"
Alizichoma zote kwa chokaa, hata hivyo. Namjua.
Nyufa nyingine aliziziba baada ya kengele ya kutoka,
bure, kwa sababu zilimkera.

Mzinga wa kwanza. Wa pili.
Wa tatu una mdomo kama wa mzee asiye na meno.
Nikapiga magoti, buibui likazoa vumbi,
wanafunzi wa shule fulani wakacheka.
Na kiraka kipo.
Ukubwa wa sinia. Si cheupe tena;
kimeota kuvu, kimeingia rangi ya jirani zake,
matumbawe yale yale, chumvi ile ile.
Ningekipita mara mia.
Lakini pembeni, palipolainishwa kwa mkono,
pana alama ya kidole gumba,
na katikati yake mstari,
kovu la nyundo ninalolijua tangu kunifunga viatu.

Nikatia gumba langu.
Likapwaya.

"Dada, usiguse hapo."
Mlinzi. Yeye naye ana kibao, kifuani: Mwadime.
Sauti yake haikuwa kali, ya mtu anayependa kazi yake.
"Ya kale hiyo. Enzi za Wareno.
Ina miaka mia nne."

Ningeweza kumwambia.
Masika, kibarua, mafuta ya nazi, deni kwa Msellem.
Ulimi ulikuwa tayari.
Nikautazama ukuta, ukuta ukanyamaza
kama mtu anayetunziwa siri.
"Samahani, kaka," nikasema. "Sikujua."

Saa za kuona wagonjwa zinaanza saa kumi.
Nilishuka, nikakata Ndia Kuu kwa mwendo wa haraka,
mkono nimeukunja, siushikishi kitu,
unga wa chokaa ukiwa chini ya ukucha.
Nitamwambia: Baba, wamekukosea miaka.
Atacheka mpaka muuguzi aje.
Kisha ataushika mkono wangu, aunuse,
aulize kama kile cha mzinga wa nne
nacho nimekiona.